Saa ya meli, saa ya Jamaica: uchambuzi wa kisa cha Falmouth

Mwezi Julai 2023 tulishuka Falmouth, Jamaica, tukiwa watu wanne: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka kumi na mmoja, na mama yangu mzazi aliyekuwa ametoka Tanga kuja kututembelea Florida. Meli yetu ya kitalii ilifunga gatini saa 4 asubuhi. Ratiba ya siku ilisema abiria wote wawe wamerudi ifikapo saa 10:30 jioni, na meli iondoke saa 11 kamili. Sisi tulikanyaga ngazi ya meli saa 10:28, mama nimemshika mkono, jasho linatutiririka, na mtoto hajasema neno tangu katikati ya safari.

Hatukuachwa. Lakini tulikuwa tumejipangia kufika langoni saa 9:30, saa nzima kabla ya muda, na hakuna aliyetuchelewesha. Gari halikuharibika, mvua haikunyesha, dereva hakutudanganya. Saa nzima ilipotea na hakuna aliyeiona ikiondoka. Ndiyo sababu nimekirudia kisa hiki mara nyingi kichwani, hatua kwa hatua, mpaka nikajua kila dakika ilikwenda wapi.

Kuna sababu nyingine. Waswahili wenzetu huku Marekani wanaotaka kuwatembeza wazazi wao kwa meli hupeana ushauri ule ule: msitoke na teksi za nje, nunueni matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, maana mkichelewa mkiwa kwenye basi lao meli itawasubiri. Hilo ni kweli. Kundi lililotoka na matembezi ya meli husubiriwa, au husafirishwa kwa gharama ya meli hadi bandari inayofuata. Aliyetoka kivyake hana wa kumsubiri. Mtu akisikia tulivyofika dakika mbili kabla ya muda atasema, si mnaona? Mimi niliyekuwepo nasema kisa chetu hakithibitishi hilo, na aliyekuwa karibu kutuponza si dereva wa nje. Ni mimi.

Nianze na mji wenyewe, kwa sababu wengi wanaofika Falmouth hawauoni.

Falmouth iko pwani ya kaskazini ya Jamaica, katika wilaya ya Trelawny, mashariki ya Montego Bay. Ulianzishwa mwaka 1769 na ukatajirika kwa sukari iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Nyumba za zamani bado zipo, za mawe na mbao, kuta zimechubuka rangi, madirisha ni ya vibao vya kupitisha upepo. Sisi wa Tanga, tuliokulia kwenye mji wa bandari uliojengwa kwa mkonge, hatukuhitaji kuelezwa maana ya mji uliostawi kwa zao moja kisha zao likaondoka. Bandari ya meli kubwa za kitalii ilifunguliwa mwaka 2011. Meli kubwa kabisa zinazofunga pale hubeba abiria zaidi ya 5,000, na mji wenyewe una wakazi wasiofikia 10,000.

Ukishuka unajikuta ndani ya ua uliozungushiwa uzio, wenye maduka ya vito, fulana, kahawa na ramu, na mabasi yamejipanga. Mabasi huwapeleka watu Montego Bay au kwenye maporomoko ya Dunn's River, kama saa nzima kwa barabara upande wa mji wa Ocho Rios. Nje ya lango, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ndipo palipo Water Square, moyo wa mji. Asubuhi ile tuliwakuta pale wanawake wamepanga maembe, vikapu na shanga, na wateja wao ni watu wa mji tu, wakati maelfu ya wageni walikuwa wakipita nyuma ya vioo vya mabasi. Liliniuma, na bado linaniuma. Wale wageni hawakuwa wamekosa nia. Walikuwa wanaogopa kuachwa, na woga huo ndio unaowapandisha basi.

Tulitembea hadi kwenye kanisa la Kibaptisti lenye jina la William Knibb, mmisionari aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1838, siku ya uhuru kamili, Waafrika wa Falmouth walikusanyika wakatia pingu, mjeledi na kola ya chuma ndani ya jeneza, wakalizika. Nilimweleza mama. Alinyamaza muda mrefu. Pangani ni jirani yetu, na anajua ni watu gani waliopitishwa pale kuelekea baharini. Kisha akasema, "Waliuzika utumwa kwa jeneza kabisa. Ili usije ukarudi." Nikaona kwamba hata tukirudi melini dakika ile, safari imeshalipa.

Sasa nije kwenye kosa.

Dereva tulimpata kupitia rafiki aliyewahi kusafiri naye. Gari lake lilikuwa na kibao chekundu cha namba, alama ya teksi iliyosajiliwa Jamaica. Usiku wa kabla ya kufika, meli ikiwa bado baharini, nilimtumia ujumbe: tutakuwa nawe siku nzima, uturudishe langoni saa 9:30 alasiri. Alijibu kwa swali moja. Saa ya meli au saa ya Jamaica?

Nilikuwa nimesimama kwenye lifti. Nikaangalia simu, nikaangalia saa ya pale ukutani, zikalingana. Nikamjibu: ni ile ile.

Kosa lenyewe ndilo hilo, na limefanyika kabla hatujaiona nchi kavu. Nililinganisha simu na meli wakati simu ilikuwa imefungwa mtandao wa nje na inatumia intaneti ya meli tu. Haikuwa na njia ya kujua saa ya Jamaica. Nilikiuliza kitu kisichojua, nikapokea jibu kama kwamba kinajua, na mtu pekee aliyejua na aliyeuliza kwa uangalifu nikamnyamazisha kwa maneno matatu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunanaswa kirahisi hapa, kwa sababu kwetu saa haisogezwi. Saa ya Dar es Salaam ya Januari ndiyo ya Julai. Florida husogeza saa mbele majira ya kuchipua na kuzirudisha nyuma mwezi Novemba. Jamaica iliwahi kujaribu mtindo huo katika miaka ya 1970, ikaja kuuacha, na leo saa yake ni moja mwaka mzima. Kwa hiyo anayekwenda Jamaica kutoka Florida mwezi Januari hukuta saa zinalingana. Anayekwenda Julai hukuta Jamaica iko nyuma kwa saa moja. Meli nyingine hubadilisha saa zao kufuata kisiwa, nyingine hubaki na saa ya bandari zilikotoka. Yetu ilibaki na saa ya Florida. Hilo lilitangazwa kwa kipaza sauti asubuhi, tukiwa kwenye ukumbi wa chai wenye kelele za sahani, na lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba. Sikusoma mpaka chini.

Nikafungua mtandao wa simu pale langoni ili nimwone dereva alipo. Simu ikashika mnara wa Jamaica na kujirudisha nyuma saa moja, kimya kimya. Dalili zilianza papo hapo. Mke wangu aliona saa kwenye simu yangu akauliza, "Mbona tumeshuka mapema hivi?" Nikamwambia leo foleni ilikuwa fupi. Baadaye dada yangu akatuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga akisema kwao imeshapita saa 2 usiku. Majira yale kati ya Florida na Tanga kuna saa saba, na hesabu hiyo naijua kama jina langu. Ile siku, kwa saa ya simu yangu, ilikuwa nane. Nilisikiliza sauti ya dada yangu nikacheka alichosema, hesabu sikuipiga.

Katikati ya makosa hayo siku ilikuwa nzuri ajabu. Tuliteremka Mto Martha Brae kwa vyelezo, yaani mianzi iliyofungwa pamoja, mirefu kama mita tisa, yenye kiti cha watu wawili nyuma na mtu wa kupiga pondo amesimama mbele. Hakuna injini. Maji ni ya kijani kibichi, na unasikia pondo likigusa chini na ndege kwenye miti, basi. Mpiga pondo wa mama alipogundua hajui Kiingereza aliacha kueleza akaanza kuonyesha kwa kidole, na mama akawa anamjibu kwa Kiswahili. Walielewana mpaka mwisho wa mto.

Mtoto alitaka kijiji cha Usain Bolt. Bolt alizaliwa mwaka 1986 Sherwood Content, huko huko Trelawny, ndani milimani. Barabara ni nyembamba, inapinda, ina mashimo. Magari yanapita kushoto kama kwetu, jambo lililomfurahisha mama, ambaye Florida hukaa garini akijishika akidhani tunakwenda upande usio wake. Njiani aliuona mti akapiga kelele: "Mshelisheli!" Kweli ulikuwa mshelisheli, umejaa. Waingereza waliuleta Jamaica mwaka 1793 kutoka visiwa vya Pasifiki ili wapate chakula rahisi cha watumwa. Leo kila nyumba ina wake. Dereva alishangaa kwamba bibi kutoka Afrika anaujua, mama akashangaa kwamba yeye anashangaa.

Tulikaa kula kwenye mgahawa wa kando ya barabara, veranda ya mabati na meza tatu. Samaki wa kukaanga, kuku aliyepakwa pilipili na viungo akachomwa polepole, shelisheli iliyochomwa motoni mpaka ganda likawa jeusi. Simu yangu ilisema saa 8:40. Nilikuwa nimejinyoosha. Nilimwambia dereva kwamba muda upo, labda tupitie pwani moja kabla ya kurudi ili mtoto aoge baharini. Akasema sawa, ipo njiani.

Mama akauliza, "Saa ngapi sasa? Sijasali Adhuhuri."

Nikamwambia saa 8:40.

Akaangalia mkono wake. Ana saa ndogo ya mishale aliyonunuliwa na marehemu baba, hajawahi kuiacha. Akasema, "Yangu inasema saa 9:40."

Nikamwambia saa yako imekwenda mbele, Mama.

Akasema, "Haijawahi kwenda mbele. Umenitegea mwenyewe nilipofika kwako."

Hata hapo sikushtuka. Aliyeshtuka ni mke wangu. Simu yake alikuwa ameizima mtandao tangu tulipopanda meli, ili kukwepa gharama, na ilikuwa chini kabisa ya mkoba. Akaichimbua. Saa 9:40. Ile saa ya mama na simu iliyolala mkobani zilibaki na saa ya meli kwa sababu hazikuwa na habari kwamba tumefika Jamaica. Ya kwangu ilikuwa na habari, ndiyo iliyotupotosha.

Nilimwangalia dereva. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Meli yenu saa ngapi?" Nikamwambia 10:30 ya meli. Akahesabu kidogo, akasema njia ni dakika arobaini, akasimama kwenda kuwasha gari. Mama alikuwa ameshakunja vizuri kipande cha shelisheli kwenye karatasi. "Twendeni. Mimi msafiri, nitazikusanya Adhuhuri na Alasiri nikifika chumbani."

Tuliondoka saa 9:46 ya meli, tukafika langoni 10:20. Dereva hakukimbiza gari kwa namna ya kututisha, alikuwa anajua kila shimo liko wapi. Alimshusha mama mahali pa karibu kabisa anaporuhusiwa kufika, akaniambia niende, pesa nitamtumia baadaye nikikosa ya kumpa. Nilimpa pale pale dola 120 tulizopatana na nyongeza. Kisha gati, ambalo ukiwa na mzee wa miaka sabini na mbili ni refu kuliko lilivyoonekana asubuhi.

Sasa tupime: je, kweli tungeachwa?

Kama tungefuata mpango wa awali bila kuongeza chochote, dereva angetufikisha langoni saa 9:30 ya Jamaica, yaani 10:30 ya meli. Kwa mwendo wa mama tungefika ngazini kama 10:38. Nusu saa ya mwisho kabla ya kuondoka ni ya kuhesabu watu na kufungua kamba, na huenda tungepandishwa kwa kukemewa. Kwa hiyo saa nzima ya tahadhari niliyojiwekea ilikuwa sawasawa na saa niliyoipoteza, na ndiyo iliyobeba kosa lote. Bila hiyo tusingekuwa na hata nafasi ya kukimbia. Ila mpango haukubaki ulivyo. Nilishaongeza pwani. Anayeamini ana saa ya ziada huitumia, na mimi nilikuwa nimeanza kuitumia. Nusu saa tu ya mtoto kuoga baharini ingetufikisha gatini meli ikiwa imeshaachia kamba.

Kisha ingekuwaje? Kila anayetoka na kuingia hupitisha kadi yake kwenye mashine, kwa hiyo mabaharia hujua majina ya waliobaki. Huitwa kwa kipaza sauti. Mara nyingi mtu hutumwa chumbani, na pasipoti zikipatikana huachwa kwa wakala wa meli aliyepo bandarini. Baada ya hapo ni juu yako: hoteli, uwanja wa ndege wa Montego Bay, tiketi nne za siku hiyo hiyo. Gharama ingetuuma, tungelipa. Linalonitoa usingizini ni jingine. Pasipoti zetu zote zilikuwa kwenye kasha la chumbani, ya mama ikiwa na viza yake ya Marekani ndani, pamoja na kadi zetu za ukaazi. Tulikuwa tumefuata ushauri wa wenyeji wa Marekani kwamba usitembee na pasipoti mjini. Raia wa Marekani akipoteza hati hutafuta ubalozi wake, na upo Kingston. Mama yangu angemtafuta nani? Na dawa zake za presha nazo zilikuwa chumbani, pembeni ya kitanda. Nilibeba mafuta ya jua na chaja mbili za simu. Dawa za mama sikubeba.

Basi hukumu yangu kuhusu teksi na basi ni hii. Tungetoka na basi la meli tungerudi salama, sikatai, kwa bei zaidi ya mara mbili ya tuliyolipa, tena kwa mto peke yake. Tusingeliona kanisa la Knibb wala Sherwood Content, na pesa tuliyomwachia dereva, mpiga pondo na mama mwenye mgahawa isingeshuka kwao yote namna ile. Dereva wa nje ndiye mtu pekee katika kisa hiki aliyeuliza swali sahihi, tena kwa wakati. Watu wa Falmouth wanazijua meli na saa zao kuliko abiria, maana riziki yao inategemea abiria warudi kwa wakati. Mtu akiniuliza leo kama atoke na teksi yenye kibao chekundu, namwambia atoke, ila dereva akimuuliza saa ya nani, asijibu kabla hajaisoma ratiba mpaka mstari wa chini, na mpango wake na dereva autaje kwa saa zote mbili. Na kama amefuatana na mzazi mwenye viza, pasipoti ya mzazi na dawa za siku mbili zitoke naye.

Usiku ule dereva alituma ujumbe kuuliza kama tulipanda. Nikamtumia picha ya mama amekaa kitandani anakula ile shelisheli, imeshapoa.

Bandari iliyofuata ilikuwa Cozumel, Mexico. Jimbo la Quintana Roo, ilipo Cozumel, tangu mwaka 2015 hutumia saa moja mwaka mzima, sawa na Jamaica. Mtego ule ule ulikuwa unatungojea. Asubuhi, kabla ya kutoka chumbani, nilizuia simu yangu isijibadilishe saa, mke wangu akaikagua mara mbili. Mama aliivua saa yake akamfunga mjukuu mkononi. Ilimzidi, ikabidi aisukume juu karibu na kiwiko. Alimshika kidole akakiweka kwenye kile kitufe cha pembeni ili akijue. "Hiki usikiguse," akamwambia, "mpaka tumerudi chomboni."